Mafuta ya Nazi Juu ya Dashibodi

Gari letu la kwanza tulilinunua kwa afisa wa mifugo aliyestaafu. Lilikuwa dogo, la milango minne, rangi ya maziwa, na kwa nje halikuwa na neno. Mume wangu alifungua boneti akatazama injini, akalala chali akachungulia chini, akainuka akajipangusa vumbi na kusema ni zima. Hakufikiria kulinusa. Nami siku ile nilikuwa na furaha nyingi, hata pua yangu haikufanya kazi yake.

Lilikuwa gari la nyumba, lakini dereva alikuwa mimi. Mume wangu alikuwa akifanya kazi bandarini Mombasa, akivuka feri kila Ijumaa jioni kurudi kwetu Kilifi na kuvuka tena Jumapili. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na shule niliyopangiwa ilikuwa mbali na mji, mahali ambapo ukikosa gari la asubuhi umekosa kipindi cha kwanza. Miaka ile ya themanini wanawake waliokuwa wakiendesha Kilifi ungeweza kuwahesabu, na watoto walikuwa wakikimbia kuja barabarani kunitazama.

Siku za kazi tulikuwa watu wawili tu nyumbani, mimi na mavyaa, mama mzazi wa mume wangu. Alikuja kuishi nasi baada ya mumewe kufariki. Alikuwa mwenyeji wa Mambrui, mrefu, mwembamba, msafi kupita kiasi. Ujanani mwake kazi yake ilikuwa kuwasinga maharusi, kuwasugua ngozi kwa liwa na kuwapaka manukato siku kadhaa kabla ya harusi, na mpaka uzeeni vidole vyake vilikuwa laini kama vya mtoto. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, kila neno mahali pake. Mimi nilizaliwa Ganze. Kiswahili nilikikuta shuleni, na ingawa nilikuwa nikikifundisha, mbele yake bado nilikuwa nikipima maneno kabla ya kuyatoa.

Wiki ya kwanza ya gari nilimwambia, "Mama, unakwenda sokoni? Ingia nikupeleke."

Alikuwa tayari amevaa buibui, kikapu mkononi. Alilitazama gari, akatazama njia. "Nenda wewe, mwanangu. Mimi nitatembea, ninyooshe viungo."

Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu nilimkuta njiani jua la saa sita likimchoma, kikapu kimemlemea upande mmoja. Nilisimama kando yake, nikafungua mlango. Aliinama kidogo kana kwamba anataka kuingia, halafu akarudi nyuma. "La, nimekaribia," akasema. Hakuwa amekaribia. Nyumba ilikuwa mbali bado.

Nilikwenda zangu machozi yakinilengalenga. Nilijua, au nilidhani najua, sababu yake. Mwanamke kushika usukani hakumpendezi, na mwanamke mwenyewe ni mimi, mtu wa bara, niliyeolewa na mwanawe wa pekee na sijamletea mjukuu. Hayo yote niliyasoma katika mlango ule aliokataa kuuingia. Sikumwambia mtu, hata mume wangu.

Nikaamua kulipendezesha gari. Sijui nilifikiri litamvutia yeye au nilitaka tu kumwonyesha. Ndani lilikuwa limechoka kweli. Dashibodi, ambayo zamani ilikuwa nyeusi, ilikuwa imepauka kama kisigino cha mtu anayetembea pekupeku. Usukani ulikuwa ukinata. Vitundu vya kupitishia hewa vilikuwa vimezibwa na vumbi. Nilichukua chupa ya mafuta ya nazi niliyokuwa nikijipaka nywele, nikamimina kwenye kitambaa, nikapaka dashibodi yote kutoka mlango hadi mlango. Sikuosha kwanza. Nikapaka na vishikio vya milango, na kile kisanduku cha gia, na usukani pia.

Jamani, liling'aa! Weusi wote ulirudi. Asubuhi yake walimu wenzangu walilizunguka na kuchungulia madirishani. "Mwalimu, gari limezaliwa upya," mmoja akaniambia. Nilifurahi. Rangi ikianza kufifia, nikapaka tena.

Baada ya siku chache, likikaa juani mchana kutwa uwanjani pa shule, mafuta yalichacha. Ukifungua mlango ulipigwa na harufu ya nazi iliyooza iliyochanganyika na kitu kingine kilichokuwepo tangu mwanzo, kikali, kama dawa ya kuogeshea ng'ombe. Vumbi jipya lilinasa juu ya mafuta. Nami nikapaka tena juu ya vumbi.

Mwishoni mwa muhula tuliitwa kwenye mkutano wa walimu Malindi. Nilitoka Kilifi asubuhi, peke yangu, jua likiwa limeshapanda upande wa kulia. Kabla ya kuondoka nilikuwa nimepaka mafuta, maana nilitaka watu wa Malindi nao waone. Kila barabara ilipopinda kulifuata jua, kioo cha mbele kilijaa weupe. Dashibodi yote ilikuwa imejichora kwenye kioo kizima, nami natazama barabara kupitia picha ya plastiki inayometa. Niliinamisha kichwa, nikakiinua, nikapunguza mwendo kidogo. Nilikuwa nimechelewa, sikusimama.

Karibu na Matsangoni weupe ulikuja tena, na ndani ya weupe ule kikatokea kitu cheusi, kikubwa, karibu mno. Nilikata usukani. Mikono ikateleza juu ya mafuta, nikaushika tena, nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gari likasimama tairi moja nje ya lami. Nyuma yangu nilisikia kishindo na mlio wa vyuma.

Alikuwa mwanamume wa makamo mwenye baiskeli na magunia mawili ya makaa. Sikumgusa. Yeye mwenyewe alijitupa mtaroni aliponiona namjia. Gunia moja lilipasuka na makaa yalimwagika majanini. Nilipomfikia alikuwa ameketi, anapapasa goti.

"Umeumia, baba? Umeumia wapi?"

"Sijaumia." Akanitazama. "Mama, hukuniona?"

"Wallahi sikukuona."

"Mimi na mzigo wote huu?"

 Nilipiga magoti nikaanza kuokota makaa. Alipoona naokota na nguo zangu za mkutano, alinyanyuka akaokota naye, na kwa jinsi alivyokuwa akinung'unika peke yake nikatambua lugha ya nyumbani kwetu. Nikamwitikia kwa lugha hiyo hiyo. Alicheka, akaniuliza ukoo, nikamtajia, naye akasema ametoka upande wa Ganze tangu alfajiri na anapeleka makaa kwa mteja wake Watamu. Tulilishona gunia kwa kamba ya mkonge. Nikamkaribisha garini anywe maji.

Aliketi upande wa abiria na chupa mkononi, akatazama mbele. Kisha akainamia huku, akainamia kule.

"Mama, hebu kaa hapa uone," akaniambia. "Mimi hapa barabara siioni. Naona hii tu." Akaweka kidole juu ya dashibodi. Kidole kilitoka na mafuta, na pale alipogusa pakabaki alama nyeusi ya makaa. "Umeipaka nini?"

"Mafuta ya nazi."

Alitikisa kichwa taratibu bila kunicheka. "Ifute," akasema. Nikavua mtandio wangu nikafuta pale pale, nikifuta kwa kukaza kama mtu anayefuta deni la dhambi, na yeye akafunga magunia yake, akaniaga na kupanda baiskeli. Sikwenda tena kwenye mkutano. Niligeuza gari nikarudi nyumbani polepole, magari mengine yote yakinipita.

Mavyaa alikuwa uani anachambua mchele. Aliiona mikono yangu, akaona mtandio ulivyo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Una nini wewe? Umeanguka?"

Nilitaka kusema gari limeharibika. Badala yake nilikaa chini juu ya mkeka wake nikamweleza yote, mafuta, jua, mtu wa makaa, goti lake.  Nikamwambia, "Ulikuwa na haki, Mama. Gari si la mwanamke."

Aliweka ungo chini. "Nani amesema hivyo?"

"Wewe hujasema. Lakini hutaki kuingia."

Kuku walikuja wakaanza kudonoa mchele ungoni na hakuwafukuza. Mwishowe akasema, kwa sauti ya chini kana kwamba kuna watu wanaosikiliza, "Moyo wanichafuka, mwanangu. Harufu ya lile gari. Ukifungua mlango tu, matumbo yote yapanda juu."



Akaniambia kwamba miaka minne nyuma, kabla hajaja kuishi kwetu, alipanda basi kwenda kumtazama mgonjwa Mombasa. Basi lilikuwa limepakia ngozi za mbuzi. Kabla ya kufika popote alitapika, na hakuwahi dirisha. Alimtapikia mwanamke aliyekaa naye, mtu asiyemjua, mwenye mtoto mapajani. Watu wote wakageuka. "Mimi," akasema, "mimi niliyekuwa nikiwatia watu manukato." Tangu siku ile alipanda gari mara moja tu, siku ya kuletwa Kilifi, naye alifunga kula tangu usiku wake ili tumbo liwe tupu. Dada yake mkubwa alikuwa Mambrui, magoti yamemwisha, hawezi kutoka. Hawakuwa wameonana tangu hapo. Mwanawe alikuwa akimwuliza kila mara kwa nini haendi, naye akisema hana nafasi.

"Mbona hukuniambia, Mama?"

"Wewe ulikuwa umefurahi na gari lako. Nikuambie linanuka?"

Sikujua nicheke au nilie. Nikawafukuza kuku.

Asubuhi yake shule zilikuwa zimefungwa. Nilipotoka nje nilimkuta keshafungua milango yote minne ya gari, leso ameifunga puani, na kando yake ndoo mbili, kipande cha sabuni ya mche alichokikwangua kwa kisu kikawa chembechembe, na rundo la matambara ya leso kuukuu.

"Mafuta hupakwa kitu kinachokunywa," akaniambia, na kwa mara ya kwanza nilimsikia anavyozungumza akiwa kazini kwake. "Ngozi yanywa. Nywele zanywa. Hii hainywi. Umeyaweka juu, yatakaa juu, yataoza juu. Kwanza tuyaondoe."

Tukaanza. Aliyeyusha sabuni katika maji ya moto kidogo, akachovya tambara, akalikamua mpaka likabaki na unyevu tu. Alinikataza kumwaga maji, kwa sababu nyuma ya plastiki kuna nyaya na redio, jambo ambalo sikutarajia alijue. Tulikwenda kipande kwa kipande, sehemu ya upana wa kiganja, kufuta, kusuuza kwa tambara la pili, kukausha kwa la tatu kabla ya kusogea. Tambara la kwanza lilitoka rangi ya chai. La kumi lilitoka rangi ya chai. Usukani ulikuwa na utando wa jasho la miaka, na chini ya utando mlikuwa na vijistari vidogo vya kushikia ambavyo sikujua vimo. Vishikio vya milango viligeuka kutoka kahawia vikawa vya kijivu, kumbe ndiyo rangi yake.

Kwenye vitundu vya hewa tambara halikuingia. Mavyaa alikwenda ndani akarudi na miswaki mitatu ya mti, akatafuna ncha ya mmoja mpaka ikawa brashi, akanipa mwingine nami nitafune wangu. Tukaketi sako kwa bako katika viti vya mbele, milango wazi, tukichokoa. Vumbi lilitoka kwa vipande vikavu, jekundu.

"Udongo huu wa wapi? Si wa hapa."

Afisa yule alikuwa amezunguka na gari hilo miaka mingi kwenye majosho ya ng'ombe. Nilikiponda kipande kati ya vidole. "Wa kwetu, Mama. Wa Ganze."

Alichukua kidogo, akakitazama kwenye kiganja. Aliniuliza huko kwetu maji tunateka wapi. Sikumbuki kama aliwahi kuniuliza jambo lolote la kwetu kabla ya hapo. Nilimweleza kuhusu kisima, na mwendo wake, na jinsi mama yangu alivyokuwa akituamsha kabla ya jogoo, na yeye akawa anachokoa huku akisema "ehee" na "ehee". Tulimaliza vitundu vyote nikiwa bado nazungumza.

Chanzo cha harufu tulikuja kukipata siku ya pili. Kando ya kiti cha nyuma kulikuwa na mfuko wa plastiki ngumu uliobandikwa mlangoni, wa kuwekea karatasi, na ndani yake ile dawa ya mifugo ilikuwa imemwagika zamani ikakauka na kugandamana. Mavyaa alipoinamia tu alitoka mbio akatapika kwenye mgomba. Aliporudi nilikuwa nimeshaufungua mfuko kwa bisibisi, nimeuchukua mbali nikaukwangua na kuuosha mara nne, kisha nikauacha juani siku nzima bila kuurudisha.

Plastiki ilikuwa safi sasa, lakini ilikuwa imekauka, ina mistari midogo kama kiganja. Yeye ndiye aliyenituma duka la dawa nikanunue glisirini, ile aliyokuwa akiipaka nyayo za maharusi. "Kidogo tu, kwenye maji mengi," akasema. "Tena ujaribu kwanza pasipoonekana." Tulijaribu chini ya usukani, tukangoja, tukaona haikunata. Tukapaka yote, nyembamba, kisha tukasugua kwa tambara kavu mpaka mikono ikauma. Usukani hatukuupaka kitu. Aliketi kitini pangu, akatazama kioo cha mbele, akainamia huku na kule kama alivyofanya mtu wa makaa. "Naona mgomba," akasema. "Naona kuku. Naona jirani atutazama."

Siku ya tatu alileta chetezo cha udi. Nilitaka kumzuia nikakosa ujasiri. Alikiweka sakafuni upande wa abiria juu ya kigae, akafunga milango ili moshi ukolee. Tukaingia ndani kunywa chai. Tulipotoka, harufu iliyotupokea haikuwa ya udi. Makaa yalikuwa yamewaka kuliko alivyodhani, na ukingo wa chini wa dashibodi ulikuwa umevimba na kujikunja, malengelenge matupu, upana wa kifuniko cha birika.

Aliketi kwenye kizingiti. Uso wake ulikuwa umemshuka. "Nimekuunguzia," akasema. "Nimekuharibia gari lako."

"Mama," nikamwambia, "mimi nilikuwa niue mtu. Wewe umechoma plastiki."

Alinitazama, akaziba mdomo kwa leso. Mabega yakaanza kumtikisika, na nilipomkaribia ndipo nilipojua kwamba anacheka. Nikacheka nami. Jirani akatoka tena kututazama. Mume wangu alipofika Ijumaa ile na kuuliza gari limeungua vipi, tulimjibu kwa pamoja kwamba ni jua.

Ilibidi tungoje siku tatu zaidi, milango wazi, mpaka ile harufu mpya ikaondoka. Kisha asubuhi moja nilimkuta amevaa buibui, amesimama kando ya gari na limau mkononi. Alifungua mlango wa mbele mwenyewe. Aliingiza kichwa kwanza, akavuta pumzi, akangoja. Halafu akaketi.

Nilikwenda mwendo wa harusi. Madirisha yalikuwa wazi, na alikuwa akilinusa limau na kutazama mbele. Matsangoni nilimwonyesha ule mtaro. Tulipofika Gede uso wake ulibadilika, akanishika mkono. Nilisimama kivulini, akatoka, akatembea kidogo kando ya barabara akipumua, mimi nikimfuata nyuma na chupa ya maji. Hakutapika. "Twende," akasema, na alipoketi tena alikuwa ameweka mkono juu ya dashibodi kama mtu anayejishikilia ukutani. Tulipita Malindi. Tulivuka daraja la Sabaki, maji mekundu chini yetu, na hapo akaanza kuniambia majina ya wenye mashamba, kushoto na kulia, kwa kasi ambayo sikuweza kuifuata.

Dada yake alikuwa jikoni, juu ya mbuzi, anakuna nazi. Hakuweza kuinuka upesi. Mavyaa aliinama akamshika kichwa kwa mikono miwili, na kwa muda sikuona nyuso zao.

"Na moyo wako?" dada yake akamwuliza baadaye. Kumbe yeye alijua.

"Ulichafuka Gede. Tukasimama. Ukatulia."

Wakasahau kama nipo. Niliketi uani nikawasikiliza wakizungumza Kiswahili cha kwao cha ndani, wakikatizana, na nusu yake sikuielewa, mimi mwalimu wa Kiswahili. Tulikula samaki wa kukaanga na wali. Alasiri nilipomwambia ni wakati wa kurudi, alisema atabaki mpaka Ijumaa, nije kumchukua, tena nije na limau jingine.

Tangu hapo hazikupita siku nyingi bila safari ya Mambrui. Alizoea, hata akawa anasinzia njiani. Kila likizo tulilifungua gari milango yote tukaliosha ndani, na alikuwa mkali vile vile. Safari moja nilimpeleka Ganze kwa mama yangu, akarudi na mfuko wa mahindi na habari zangu za utotoni ambazo sikutaka zijulikane.

Dada yake alifariki mwaka wa tatu wa safari hizo. Mavyaa alikuwa naye siku zake nne za mwisho, kwa sababu tulipoletewa habari kwamba hali si nzuri tuliingia garini saa ile ile, nikamwacha huko nikarudi kazini. Nilifika msibani baada ya kazi, nyumba imejaa wanawake, nikampata katikati yao ameketi mkekani. Nilipiga magoti nikampa pole. Alinishika mkono, akautazama, akaniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Akanielekeza jikoni, akasema chakula changu kimewekwa kando, kimefunikwa, niende nile kwanza kabla hakijapoa.